Umeme wa pampu ya chemchemi ya bustani: piga hesabu kabla hujachimba

Leo tunaacha kidogo mbolea na viuatilifu, tuongelee umeme. Najua wapo watakaosema, bwana shamba na umeme wapi na wapi? Subirini, mtaona.

Vijana wengi ninaowatembelea kuanzia Bunju, Boko na Mbweni hadi Chamazi, Toangoma na Mbagala wameanza na vitalu vya maua na miche ya matunda. Mteja akija kununua miche ya kivuli kwa ajili ya nyumba yake mpya, siku hizi anauliza na swali la pili: "Na kale ka chemchemi ka maji mnanitengenezea?" Kijana haachi hela ipite. Anakubali, anakwenda Kariakoo kununua pampu ndogo, anachimba, anajenga na mawe, anapanda papairasi pembeni. Kazi inapendeza. Umeme anauacha mwishoni kabisa, na hapo ndipo anapovuta waya wowote alio nao kutoka soketi ya sebuleni, anaupitisha dirishani, kazi imekwisha.

Maji, umeme na watu wenye miguu pekupeku wakikutana sehemu moja, kosa dogo linaua. Ujumbe wangu wa leo ni mmoja: katika kazi ya chemchemi au bwawa dogo, pampu ndiyo sehemu rahisi. Njia ya umeme ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo ipange kwanza na uidai bei yake.

Soma kibandiko cha pampu

Kila pampu ina kibandiko. Angalia vitu vinne. Cha kwanza ni wati (W), yaani inakula umeme kiasi gani. Cha pili ni lita kwa saa (L/h). Cha tatu ni Hmax, urefu wa mwisho ambao pampu inaweza kusukuma maji. Hapa wengi wanaumia: pampu iliyoandikwa Hmax mita 1.5, ukiipandisha mita 1.5, haitoi hata tone. Lita zile zilizoandikwa ni za maji yasiyopanda popote. Kama maji yako yanapanda mita moja, tafuta pampu yenye Hmax ya mita 2 au zaidi. Cha nne ni volti: 230 ni umeme wa TANESCO moja kwa moja, 12 au 24 ni umeme mdogo.

Na kama eneo lako lina kisima cha maji ya chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani yetu, mwambie muuzaji. Chumvi inakula vyuma vya pampu haraka, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji ya kawaida. Weka hilo akilini.

LUKU itakula kiasi gani?

Tuchukue pampu ya wati 60 inayofanya kazi usiku na mchana. Wati 60 mara saa 24 ni uniti 1.44 kwa siku. Kwa siku 30 ni uniti 43.2.

Kama mita yako ni ya matumizi ya kawaida (T1), bei iliyopangwa mwaka 2016 ni shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, inafika kama shilingi 356. Zidisha: pampu hiyo ni takriban shilingi 15,400 kwa mwezi.

Kama mteja ni wa nyumba ya matumizi madogo (D1), uniti ni shilingi 100, na ukiongeza kodi na tozo ni 122. Ukipiga hesabu harakaharaka utamwambia "ni elfu tano tu na kitu kwa mwezi, mzee". Hapana! D1 ina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, kila uniti ya ziada ni shilingi 350 kabla ya kodi na tozo, yaani kama 427. Nyumba iliyokuwa inatumia uniti 50, ukiifungia pampu yako inafika 93.2. Uniti 25 za kwanza za pampu ni shilingi 3,050, na zile 18.2 zilizovuka ni kama 7,770. Jumla ni karibu 10,800, mara mbili ya ulichomwambia. Halafu anayevuka kikomo kila mwezi ataondolewa kwenye kundi la D1, na hapo nyumba nzima imepanda bei kwa sababu ya chemchemi. Mteja huyo hatakusifia kwa jirani.

Dawa yake ni taima ndogo ya soketi. Pampu ya urembo haina sababu ya kuruka maji saa nane za usiku watu wamelala. Ukiiweka saa 10 kwa siku, kwa mfano kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku, inatumia uniti 18 kwa mwezi. Nyumba yetu inafika 68, haijavuka, na pampu inagharimu kama shilingi 2,200 tu. Taima inajilipa yenyewe ndani ya muda mfupi.

Ila usiache maji yakasimama siku nzima kwa wiki nzima. Dar tulipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake anapenda maji yaliyotulia karibu na nyumba. Maji yatembee kila siku, au weka samaki wadogo wale viluwiluwi.

Njia tatu za kuleta umeme

*Ya kwanza, volti 230 hadi bwawani.* Faida yake ni umbali. Pampu ya wati 60 inavuta kama robo ya ampea tu, kwa hiyo hata mita 50 za waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 hazipotezi kitu cha kuhisi. Hasara yake unaijua: ni umeme unaoua, na unaupeleka kwenye maji.

*Ya pili, transfoma.* Transfoma ya usalama inakaa ndani, sehemu kavu, inashusha 230 kuwa 12. Kinachotoka nje ni volti 12 peke yake. Kwa chemchemi ndogo iliyo karibu na nyumba, hasa yenye watoto, mimi hii ndiyo naipenda. Tatizo ni umbali. Volti ikishuka, ampea zinapanda: wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5. Peleka ampea 5 mita 50 kwa waya uleule wa 1.5, na kwa hesabu unapoteza karibu volti 6 njiani. Nusu ya umeme imebaki kwenye waya, pampu inakoroma tu. Lakini pampu ya wati 20 umbali wa mita 10 inapoteza kama volti 0.4, haina shida. Kwa hiyo: karibu na ndogo, tumia 12; mbali na kubwa, ongeza unene wa waya au rudi kwenye 230 na kinga zake zote.

*Ya tatu, sola.* Pampu ya wati 20 ikifanya kazi saa 8 inahitaji wati-saa 160. Paneli ya wati 60, ukichukua saa nne na nusu za jua kamili na ukaondoa hasara za njiani, inakupa kama 190. Inatosha kwa siku ya kawaida. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, wingu linaweza kukaa siku mbili tatu, kwa hiyo mwambie mteja mapema kwamba kuna siku chemchemi itapumzika. Ukitaka ifanye kazi usiku, ongeza betri na chaji kontrola. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 40, usiitumie zaidi ya nusu: hiyo ni wati-saa 240, saa 12 za pampu yetu. Paneli nayo lazima ikue, maana sasa inalisha pampu na betri. Faida kubwa ya sola ni kwamba huchimbi mtaro wa mita 50 na hugusi mita ya mtu.

Kifaa kidogo kinachookoa maisha

Mwaka jana nilipita kwenye kitalu kimoja upande wa Chamazi. Kijana ametengeneza chemchemi ya kuonyesha wateja pale mbele, nzuri kweli. Waya mwembamba bapa umepita chini ya vyungu, umeunganishwa katikati kwa tepu ya umeme, halafu umevalishwa mfuko wa plastiki. Nikamuuliza inaendaje. Akasema, "Inaenda vizuri bwana shamba, ila maji yanawasha kidogo ukiingiza mkono. Tumeshazoea."

Nikamwambia, "Mdogo wangu, hayo maji hayawashi. Hiyo ni shoti. Nenda kachomoe plagi sasa hivi, tutaongea baadaye." Maji yanayowasha ni onyo. Siku aliyevaa ndala kavu hajaumia, anakuja mwingine pekupeku juu ya udongo uliolowa, hadithi inabadilika.

Tulipofungua boksi la umeme tukakuta sakiti breka ya kawaida peke yake. Wengi wanadhani hiyo inatosha, na hapa naomba tuelewane vizuri. Sakiti breka ya ampea 16 inalinda waya usiungue. Haijali mtu. Umeme wa kiasi cha sehemu 50 hadi 100 za elfu moja ya ampea ukipita kifuani unaweza kusimamisha moyo, na breka ya 16 hata haitajua kuna kilichotokea.

Kinachomlinda mtu ni kifaa ambacho mafundi wanakiita RCD au RCCB, wengine bado wanasema ELCB. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka kwenye laini na unaorudi kwenye nyutro. Vikiwa sawa, kimya. Zikipotea sehemu 30 tu za elfu ya ampea, maana yake umeme unapitia pengine, labda kwenye maji au mwilini mwa mtu, na kinakata chini ya theluthi ya sekunde. Dukani soma maandishi: lazima kiandikwe 30mA au 0.03A. Vipo vya 100mA na 300mA, hivyo ni vya kuzuia moto, usikubali kuuziwa kwa kazi hii.

Mambo matatu kuhusu kifaa hiki:

1. Kina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila mwezi. Kisipokata, kimekufa, badilisha.
2. Bustani iwe na chake peke yake. Kikikata kwa sababu ya pampu, friji na taa za nyumba zisizimike. Ukichanganya, mwenye nyumba akichoka kuzimikiwa atamwambia fundi akiruke, na hapo umerudi ulikotoka.
3. Hakifanyi muujiza. Ukishika laini na nyutro kwa pamoja, kwake mambo yanaonekana sawa na hakitakata. Kwa hiyo hakikupi ruhusa ya kuchezea waya zenye umeme.

Ethi na udongo wetu

Pampu yenye waya wa tatu inataka ethi ya kweli. Udongo wa mchanga, ambao tunao maeneo mengi ya Dar, ukikauka wakati wa kiangazi unapitisha umeme vibaya. Ile fimbo ya ethi iliyofanya vizuri mwezi wa nne inaweza kuwa pambo tu mwezi wa tisa. Mwambie fundi aipime kwa kipimo chake badala ya kuiangalia kwa macho, na ikibidi aongeze fimbo ya pili au achague sehemu yenye unyevu. Udongo mkavu ni sababu nyingine ya kutokosa ile 30mA, maana yenyewe haihitaji ethi nzuri sana ili ikate.

Mtaro, kebo na maungio

Hapa sisi wakulima tuna faida, kuchimba tunajua. Tatizo ni kwamba baada ya mwaka mmoja atakuja mtu mwingine na jembe, na hajui kilichopo chini. Jembe linaingia sentimita 20 hadi 30 bila shida. Chimba sentimita 60. Tandaza mchanga laini, laza kebo, funika kwa mchanga, halafu weka utepe wa tahadhari au mstari wa matofali kabla ya kurudisha udongo. Kebo iwe ya kukaa ardhini, yenye koti la nyuzi za chuma. Kama hiyo bajeti haifiki, basi angalau kebo ya nje ndani ya bomba gumu la plastiki. Ule waya mweupe bapa wa kupitisha ukutani ni wa ukutani, jua na maji vitaumaliza.

Mtaro upite pembeni ya fensi au njia, usikatize katikati ya matuta. Ukimaliza, chora ramani kwenye karatasi na umpe mwenye nyumba. Piga picha kabla ya kufukia, ukae nayo.

Waya wa pampu usiukate ili uurefushe ndani ya maji. Kama haufiki, maungio yafanyike nje ya bwawa, ndani ya boksi lisilopitisha maji lenye alama IP65 au IP66, limefungwa juu ya nguzo, si chini ambapo mvua ya masika italifunika. Tepu na mfuko wa plastiki havizuii maji. Rahisi huvunja upishi.

Kazi ya kuunga kwenye boksi la umeme siyo yetu. EWURA ndiyo inayotoa leseni kwa mafundi wa kufunga mifumo ya umeme, kwa madaraja. Muulize fundi wako leseni yake kama mteja anavyokuuliza wewe mbegu umetoa wapi. Wewe chimba, jenga, panda; yeye aunge na apime.

Kama ndani kuna samaki wa biashara

Kwa chemchemi ya urembo umeme ukikatika, mteja ananuna. Kwa tangi la sato lililojaa samaki wa kuuza, umeme ukikatika usiku unaweza kuamka na hasara ya miezi sita. Usiku mimea na mwani haitengenezi hewa, inaivuta kama samaki wanavyoivuta, kwa hiyo hewa ndani ya maji inakuwa chini kabisa kuelekea alfajiri. Ndiyo maana samaki wengi hukutwa wamekufa asubuhi. Kambale ana nafuu, anaweza kuvuta hewa ya juu ya maji. Sato hana uwezo huo.

Tunakumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuingia kwenye gridi mwezi Februari 2024 hali imekuwa nafuu, lakini nguzo bado zinaanguka na transfoma za mtaani bado zinaungua. Na mara nyingine hata siyo TANESCO, ni LUKU imeisha saa tisa usiku wewe umelala. Kwa hiyo bwawa la biashara lazima liwe na njia ya pili: pampu ndogo ya hewa ya volti 12 yenye betri yake, inayowaka yenyewe umeme ukikatika. Kama hilo huliwezi bado, punguza idadi ya samaki ndani ya tangi, na nunua uniti ukiwa bado na za siku tatu. Kwenye soketi ya pampu weka na friji gadi, maana umeme unaporudi mara nyingi huja na kishindo.

Andika bei kama mfanyabiashara

Vijana wengi wanampa mteja bei moja ya jumla: "chemchemi laki kadhaa, bosi". Mteja anaomba kupunguziwa, na kitu cha kwanza kupunguzwa ni kile ambacho haoni, yaani umeme. Usifanye hivyo. Gawa bei kwenye karatasi sehemu nne: ujenzi na mawe, pampu na mabomba, njia ya umeme (mtaro, kebo, boksi, RCD, taima, ufundi), na matengenezo ya kila mwezi. Akitaka kupunguza, mwonyeshe mawe ya bei nafuu au pampu ndogo zaidi. Sehemu ya tatu haina punguzo. Akikataa kabisa, mpendekezee sola, au acha kazi. Hela ya kazi moja haitoshi kumlipa mtu mtoto wake.

Na ile sehemu ya nne usiidharau. Kusafisha chujio la pampu, kubonyeza kitufe cha T, kuongeza maji ili pampu isikauke na kuungua, kupogoa mimea: hiyo ni ziara ya saa moja kwa mwezi. Wateja kumi wa aina hiyo ni kipato kisichotegemea mvua.

Kabla mkono haujaingia majini

Bandika haya ukutani kitaluni:

- Chomoa plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.
- Umeme kukatika siyo kuzima. Unaweza kurudi mkono ukiwa ndani ya maji.
- LUKU kuisha siyo kuzima. Mtu yuko kazini Posta anaweza kununua uniti na kumtumia namba dada wa nyumbani aingize, wewe uko bwawani.
- Pampu usiinue kwa waya wake.
- Maji yakiwasha hata kidogo, simamisha kazi, ita fundi.
- Mwenzako akipigwa shoti, usimshike. Zima umeme kwanza, au msogeze waya kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu, ndipo umpe huduma na kuita msaada. Zimamoto ni 114, bure.

Msimu wa vuli ukikaribia, wateja wengi huanza kupanga bustani zao, na simu zitaanza kuita. Kabla ya kujibu "inawezekana", uliza maswali matatu: bwawa liko mita ngapi kutoka kwenye boksi la umeme, boksi lina RCD ya 30mA au halina, na mita ni ya kundi gani. Ukishapata majibu hayo ndipo utaje bei. Kazi njema.